Tao, polilaini, duaradufu au splaini: uchore mstari wa kupinda kwa njia ipi?

Mstari ulionyooka haumsumbui mtu. Unabofya huku, unabofya kule, unaandika kipimo kimoja na fundi anaelewa. Tabu huanza mstari unapopinda. Kwenye skrini njia zote nne za kuupinda zinaweza kukupa umbo linalofanana kwa macho, na hapo ndipo wengi wanapokwama: wanachagua ile iliyo karibu na kidole. Siku mchoro unapofika kwa fundi mwenye kamba na msumari, au kwenye mashine ya kukatia chuma, swali linalorudi ni moja: hapa nipime nini?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Chagua njia ya kupinda mstari kwa kuangalia vipimo utakavyomwandikia atakayeutengeneza. Mpindo usioweza kuelezwa kwa namba chache utajengwa kwa kukadiria, hata kama kwenye kompyuta umechorwa kwa usahihi wa desimali nane.

Mifano mingi hapa nimeitoa kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka maofisini na vyuoni, lakini LibreCAD, FreeCAD na nyinginezo zina maumbo hayo hayo. Namba ni za milimita, isipokuwa pale nilipotaja kingine.

## Vigezo vya kupimia

Nimezipima njia zote nne kwa mambo matano. Kwanza, kuchora: unahitaji kujua nini kabla ya kuanza? Pili, vipimo: zinahitajika namba ngapi ili mtu mwingine aurudie mpindo ule ule bila kuwa na faili lako? Tatu, kurekebisha: nini kinatokea ukiuvuta, au ukitaka mstari wa pili unaokwenda sambamba nao kwa ajili ya unene wa ukuta au ukingo? Nne, safari: mpindo unafika salama kwenye programu nyingine au kwenye mashine? Tano, unamfaa nani.

Kigezo cha pili nimekipa uzito kuliko vingine. Kama kazi yako inaishia kwenye picha ya kumwonyesha mteja, uzito wako utakuwa tofauti, na hilo ni sawa.

## Tao

Kuchora. Tao ni kipande cha duara. Amri ya ARC inakubali njia nyingi, ila mbili zinatosha kazi nyingi: nukta tatu, au mwanzo, mwisho na nusukipenyo. Kumbuka kwamba AutoCAD huchora tao kinyume cha mwendo wa saa. Likigeukia upande usiotaka, shikilia kitufe cha Ctrl.

Chukua dirisha lenye upinde juu: upana 1200, kimo cha upinde 300. Unabofya ncha ya kushoto, kilele, ncha ya kulia, basi. Programu inakupa nusukipenyo cha 750, na hata bila kompyuta ungekipata kwa kanuni hii, ambapo u ni ugwe (mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha) na k ni kimo: R = u²/8k + k/2. Yaani 600 jumlisha 150.

Vipimo. Hapa tao halina mpinzani. Namba mbili zinamaliza umbo lote: nusukipenyo na pembe, au ugwe na kimo. Kwa dirisha letu fundi mwashi anahitaji kujua kwamba kitovu kiko katikati ya upana, 450 chini ya mstari ambapo upinde unaanzia. Anapigilia msumari hapo, anafunga kamba ya 750, anazungusha. Kwa hiyo usiishie kuweka R750 kwa DIMRADIUS, amri ya kuandika nusukipenyo. Onyesha na kitovu kilipo, kwa alama ya msalaba na kipimo cha 450. Nusukipenyo kisicho na kitovu kinamwachia fundi kazi ya kutafuta.

Fundi wa grili ana hitaji lingine: urefu wa bapa la kukata kabla hajalipinda. Hapo tumia DIMARC, inayopima kufuata mpindo wenyewe. Itakuandikia 1391. Ukibofya tao lile lile kwa DIMALIGNED utapata 1200, kwa sababu inapima ncha hadi ncha, na bapa likikatwa kwa namba hiyo litapungua kwa 191. Mtindo wa vipimo unakuruhusu kuweka alama ya upinde mbele ya namba, juu yake, au kuiondoa kabisa. Usiiondoe kamwe. Ndiyo pekee inayomwambia msomaji kwamba namba hiyo imepimwa kwa kupinda.

Kuna mahali ambapo nusukipenyo kinageuka mtego, nako ni kwenye tao la kina kifupi. Tuseme ukuta wa mbele wa kiwanja una mpindo mdogo wa kupendeza: ugwe wa mita 6, kimo cha 150. Nusukipenyo chake ni 30,075, yaani mita 30 na kidogo. Nani atavuta kamba ya mita 30 kupitia nyumba ya jirani? Programu inayo DIMJOGGED, inayovunja mstari wa kipimo pale kitovu kinapotoka nje ya karatasi, na karatasi inapendeza, lakini fundi hajasaidika. Zaidi ya hapo, kimo kikibadilika kwa milimita 5 tu, kutoka 150 hadi 155, nusukipenyo kinashuka kwa karibu mita nzima. Namba inayoyumba kiasi hicho haifai kujengewa.

Dawa yake ni kuandika umbali kutoka kwenye ugwe. Gawa ugwe kila mita 1, simamisha mistari, pima kimo cha kila mmoja: katikati 150, mita 1 kutoka katikati 133, mita 2 kutoka katikati 83, kwenye ncha 0. Fundi anavuta kamba moja iliyonyooka, anapima vimo hivyo, anapigilia vigingi. Kazi ya nusu saa, na hakuna kitovu kinachotafutwa.

Kurekebisha. OFFSET ni amri ya kuchora mstari sambamba; ya tao ni tao lingine lenye kitovu kile kile. Ukuta wa 150 juu ya dirisha letu unatoa 900 kamili, bila mabaki.

Safari. Kila faili la DXF (aina ya faili ya kupelekea michoro kwenye programu nyingine) linalielewa tao, na mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, zina amri zake maalumu: G02 kwa mwendo wa saa, G03 kwa kinyume chake. Halivunjwivunjwi.

Linamfaa nani. Yeyote anayechora kitu kitakachojengwa kwa mkono. Udhaifu wake ni kwamba lina mpindo mmoja tu; ukitaka umbo linalopanda kisha likageuka kushuka, halikutoshi peke yake.

## Polilaini yenye matao

Kuchora. Ni matao na mistari iliyoungwa kuwa kitu kimoja. Ukiwa ndani ya amri ya PLINE, ukiandika A unahamia kwenye tao, na tao hilo linaanza kwa kufuata mwelekeo wa kipande kilichotangulia. Ndiyo maana muungo unakuwa laini bila kona. Njia nyingine ni kuchora mistari iliyonyooka kwanza, kisha kuviringisha kona zake kwa FILLET.

Vipimo. Idadi ya namba inaongezeka kadiri matao yanavyoongezeka, lakini kila kipande kinapimika kwa DIMRADIUS na DIMARC kama tao la kawaida. Mfano mzuri ni geti. Bawa moja lina upana wa 1500, na ukingo wa juu unapanda 300 kwa umbo la S. Kwa matao mawili yaliyo sawa yanayogusana katikati, ncha za S zikiwa zimelala, nusukipenyo cha kila moja ni (w² + h²)/4h, ambapo w ni upana na h ni kupanda. Kwa geti hili ni 1950. Mahali S inapogeukia ni 750 kutoka ukingoni na 150 juu. Urefu wa paipu ya juu, ukijumlisha matao yote mawili, ni karibu 1540.

Angalia unachomkabidhi fundi: R1950 mara mbili, nukta moja ya kugeukia, urefu wa paipu. Anakunja kiolezo kimoja, anakitumia pande zote mbili kwa kukigeuza, na bawa la pili linatoka hivyo hivyo. Nukta ya kugeukia isisahaulike. Bila hiyo matao mawili yenye nusukipenyo sahihi yanaweza kuungwa mahali pasipo sahihi.

Kurekebisha. Hapa panahitaji uangalifu. Ukivuta nukta moja ya polilaini baada ya kumaliza, ulaini wa muungo unaweza kupotea bila onyo. Kona ndogo inajitokeza ambayo huioni mpaka ukuze mchoro. Ni heri kufuta kipande na kukichora upya. OFFSET inafanya kazi vizuri, ila ukielekea ndani kwa umbali unaozidi nusukipenyo cha tao dogo, tao hilo linatoweka.

Safari. Nzuri sana. DXF huhifadhi kila tao la polilaini kwa namba moja inayoonyesha limetuna kiasi gani: kimo gawanya kwa nusu ya ugwe. Dirisha letu la mwanzo lingehifadhiwa kama 0.5. Hata DXF ya toleo la zamani la R12 inaijua namba hiyo, hivyo mashine nyingi za plazma na leza zitakupokea.

Inamfaa nani. Wachoraji wa mageti, grili, kingo za dari, njia za bustani, na yeyote atakayekata kwa mashine. Kasoro yake ni ya macho na ya mwendo: kwenye muungo, ukali wa mpindo unaruka ghafla. Kwenye geti hakuna atakayeona. Kwenye bati linalong'aa mwanga utaonyesha. Barabarani dereva atahisi kwenye usukani, na ndiyo sababu wahandisi wa barabara na reli huweka kati ya mstari ulionyooka na tao mpindo wa mpito unaokaza polepole, unaoitwa klothoidi. Civil 3D, programu ya wahandisi hao, inao. AutoCAD ya kawaida haina amri yake.

## Duaradufu

Kuchora. Duaradufu ni kama duara lililorefushwa upande mmoja. Amri ya ELLIPSE inataka mhimili mrefu na mfupi. Rahisi.

Vipimo. Namba mbili pia, kama tao: meza ya mkutano ya 2000 kwa 1200 imeelezwa yote. Unazipima kwa vipimo vya kawaida vilivyonyooka ukishika ncha za mihimili. Usijaribu DIMRADIUS, itakukatalia, kwa kuwa duaradufu haina nusukipenyo kimoja. Seremala anaichora kwa misumari miwili na kamba, na wewe unaweza kumrahisishia kwa kuandika misumari inakaa wapi: kwenye mhimili mrefu, umbali wa √(a² − b²) kutoka katikati, ambapo a na b ni nusu za mihimili. Kwa meza hii ni 800 kila upande, na kamba kati ya misumari ni 2000. Mzunguko wa ukingo ni karibu 5105, namba anayoihitaji wa kubandika mkanda.

Kurekebisha. Jambo moja tu la kujua: mstari sambamba na duaradufu si duaradufu. Ukitaka ukingo wa upana sawa pande zote, mstari wa ndani utakuwa splaini, na ukichora duaradufu ya pili ndogo badala yake, upana hautalingana kila mahali.

Safari. Wastani. DXF ya R12 haina duaradufu kabisa. Ilikuja na R13. Ukijua mapema kwamba kazi inakwenda kwenye mashine ya zamani, weka PELLIPSE kuwa 1 kabla ya kuchora, na programu itakuchorea polilaini inayoikaribia.

Inamfaa nani. Samani, dari za mapambo, mabwawa. Pia wanaochora duara linaloonekana kwa mshazari.

## Splaini

Kuchora. Splaini ni mpindo huru unaoongozwa na nukta. Kabla ya kompyuta, wajenzi wa meli wa Ulaya walipinda ufito mwembamba wa mbao na kuushikiza kwa vipande vizito vya madini ya risasi, kisha wakafuata ukingo wake kwa kalamu. Hesabu ya kuiga mipindo huru ya namna hiyo ilikuzwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau akiwa Citroën kuanzia 1959, na Pierre Bézier akiwa Renault katika miaka ya 1960. Amri ya SPLINE inakupa namna mbili. Ya kwanza, mstari unapita kwenye kila nukta unayobofya. Ya pili, unabofya nukta za kuuvuta zilizo nje ya mstari. Wanaoanza hupenda ya kwanza, lakini nukta zikiwa nyingi mstari unaanza kuyumba katikati yake. Ya pili inatoa mpindo tulivu zaidi kwa nukta chache, na ukiizoea hutarudi.

Uzuri wa splaini ni wa kweli. Ukali wa mpindo haubadiliki ghafla popote, na jicho linalitambua hilo hata kwa mtu asiyejua neno lolote la hesabu. Kwa umbo la boti, kiti, chupa, au bango, hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoufikia.

Vipimo. Bei yake iko hapa. DIMRADIUS haifanyi kazi. DIMARC haifanyi kazi. Urefu unaweza kuusoma kwa LIST, lakini umbo halina namba mbili wala nne za kulimaliza. Kinachobaki ni jedwali: chora mstari wa msingi ulionyooka, ugawe kila 50 au 100, simamisha mistari hadi kwenye splaini, pima kila mmoja kwa DIMORDINATE, inayopima kutoka sifuri ya mchoro, baada ya kuhamishia sifuri ya mchoro kwenye mwanzo wa mstari wa msingi. Pale mpindo unapokaza, songeza mistari iwe karibu zaidi. Wajenzi wa meli walifanya kazi kwa majedwali ya aina hiyo na yaliwatosha.

Njia ya pili ni kuchapisha kwa ukubwa halisi, yaani 1:1, na kumpa seremala karatasi aibandike juu ya plaiwudi. Mimi naipenda njia hii kwa vitu vinavyotosha kwenye karatasi. Weka tu kipimo cha uhakiki pembeni, mstari wa 100 kamili kwa kulala na mwingine kwa kusimama, ili apime kwa rula kabla hajakata. Printa hupunguza ukubwa bila kumwambia mtu.

Kurekebisha. Unavuta nukta moja na mpindo unajipanga wenyewe, laini muda wote. Mteja anayesema "ongeza tumbo kidogo hapo" anahudumiwa kwa sekunde. OFFSET inakubali, lakini mstari unaotoka ni wa makadirio, na pale splaini inapokaza kuliko umbali uliotaka, lazima uukague kwa macho.

Safari. R12 haina splaini. Mashine nyingi zinajua mistari na matao tu, kwa hiyo kuna mahali splaini itavunjwa, na ni afadhali uivunje mwenyewe. SPLINEDIT inaweza kuigeuza polilaini kwa kiwango cha usahihi unachochagua, na kigezo cha PLINECONVERTMODE kikiwa 1 vipande vinakuwa matao badala ya mistari. Tofauti inaonekana kwenye chuma. Ukitumia mistari iliyonyooka mahali penye nusukipenyo cha 750, na ukataka isipotee zaidi ya nusu milimita, kila kipande kisizidi karibu 55. Vipande vya urefu huo utavihisi ukipitisha kidole ukingoni. Hifadhi splaini ya asili kwenye faili lake kabla ya kugeuza. Polilaini ikishatoka, hairudi kuwa umbo ulilolibuni.

Inamfaa nani. Wabunifu wa bidhaa na samani, wachoraji wa maboti, wachoraji wa mistari ya usawa wa ardhi, na kila kazi ambayo mashine au kiolezo kinasimama kati ya mchoro na mtu.

## Kipimo kinachofuata na kinachoongoza

Kabla hujaamua, jua programu yako inakichukuliaje kipimo. Kwenye mchoro wa kawaida wa AutoCAD kipimo kinafuata umbo: ukivuta tao, R750 inakuwa R780 yenyewe, ilimradi kipimo bado kimeshikamana na tao na hukukipasua kwa EXPLODE. Kwenye Sketcher, sehemu ya kuchorea ya FreeCAD, kipimo kinaongoza: unaandika 780 na tao linatii. AutoCAD nayo ina vizuizi, yaani masharti ya kulifunga umbo, vya namna hiyo. Kwa tao na duaradufu, kipimo kinachoongoza ni raha tupu. Kwa splaini kinachosha, maana kila nukta ya kuvutia inahitaji kufungwa kwa namba zake.

## Kwa hali yako

Unachora ramani ya nyumba yenye matao ya milango na madirisha: tumia tao, andika nusukipenyo, kitovu, na urefu wa kupinda kwa ajili ya fundi chuma.

Ukuta wa mbele au kibaraza kina mpindo mpana wa kina kifupi: chora tao, lakini pima kutoka kwenye ugwe kila mita. Nusukipenyo kiandike pembeni kama taarifa tu.

Geti, grili, ukingo wa dari wa kupanda na kushuka: polilaini, na nukta za kugeukia zikiwa na vipimo vyake.

Meza au bwawa la mviringo mrefu: duaradufu kama linajengwa kwa kamba. Kama ni la zege na lina kuta za unene sawa, polilaini ya matao manne inayoikaribia itakupa kuta zinazopimika ndani na nje.

Kazi inakwenda kwa mwenye mashine ya leza au plazma: mpigie simu kabla ya kuchora, umuulize mashine yake inafungua DXF ya toleo gani na kama inasoma splaini. Akisema R12, baki kwenye tao na polilaini, au buni kwa splaini kisha ugeuze.

Kiti, boti, nembo, umbo la kuchongwa: splaini, pamoja na jedwali la vimo au karatasi ya ukubwa halisi.

Mwanafunzi anayejifunza: chora geti lile la 1500 kwa 300 mara mbili, kwa polilaini na kwa splaini inayopita kwenye nukta zile zile tatu huku ncha zake zote mbili zikiwa zimelala (bila hivyo itatoka mstari ulionyooka), kisha jaribu kuviwekea vipimo vyote viwili kwenye karatasi moja ya A4. Mpe mtu asiyeona skrini yako aichore upya kwa penseli.